Nafasi ya Punje ya Mchele

Mwaka ule mvua za mei zilipoanza, Lu Genfu alifunga madirisha yote ya nyumba yake, akausukuma mlango wa nyuma kwa goti mpaka komeo likaingia, kisha akarudi kuketi mezani. Alikuwa mgane wa miezi michache.

Huku kwetu, kandokando ya mifereji ya Jinshan, neno mei lina maana mbili. Ni plamu, kwa kuwa mvua hizo hunyesha plamu zinapoiva. Tena ni kuvu, kwa kuwa mpaka zitakapokwisha hakuna kitu ndani ya nyumba ambacho hakitaota. Viatu huota. Mito ya kulalia huota. Hata rozari ya mbao ukiisahau mfukoni, utaikuta ina ndevu nyeupe katikati ya punje. Watu husema tu kwamba mei imefika, na kila mmoja anajua ni ipi anayoiogopa.

Genfu aliiogopa ya pili. Chini ya kioo cha meza aliyokuwa ameiinamia kulikuwa na picha ya mwisho aliyoichora mkewe, na picha ile ilikuwa imeganda kwenye kioo.

Mkewe aliitwa Shen Yindi, na kwa ubatizo Monika. Alizaliwa katika familia ya waashi wa majiko, wale wanaojenga jiko la matofali kisha wakalipamba ubavuni kwa samaki na maua, na tangu utotoni alikuwa akimshikia baba yake kikombe cha masizi ya kuchorea. Alipoolewa, wanawake wa kijiji walikuwa wameanza kuchora kwenye karatasi baada ya mavuno, naye akaingia nao. Alichora bata, harusi, mizigo ya mpunga, bibi zake wakifunga wali katika majani ya matete siku ya sikukuu. Watu wake wote walikuwa na mashavu ya duara na mikono mikubwa. Alichora mpaka mwezi ule ugonjwa ulipomfanya ashindwe kushika kijiko.

Rangi yake ilikuwa ile tunayoiita maji-unga: poda, gundi na maji, nzito kama uji, na ikikauka haina mng'ao wowote, imetulia kama vumbi la ubawa wa nondo. Ni rangi nzuri na ni rangi ya mashaka. Haifi kamwe. Hata ikae miaka, tone moja la maji huiamsha ikaanza kutembea. Kidole chenye jasho huiacha na alama. Ukiikunja hupasuka, ukiisugua hung'aa mahali pasipotakiwa kung'aa. Kwa hiyo Yindi alikuwa na miiko yake. Picha iliyokauka ililazwa sandukuni, uso juu, ikafunikwa karatasi nyembamba laini, na pembeni mwa sanduku kukawa na mfuko wa mabonge ya chokaa ya kunyonya unyevu. Picha ya kutundikwa iliwekewa vipande vya kadi pembeni, ili kioo kisiiguse. Alipima nafasi hiyo kwa punje ya mchele: ikipita chini ya kioo bila kukwama, basi. Ikikwama, alianza upya.

Mumewe alikuwa fundi wa mitumbwi. Maisha yake yote aliziba. Alichanganya chokaa, katani na mafuta ya mbegu za mti wa tung, akagongomea mchanganyiko ule katika kila ufa, kisha akapaka mbao zote mafuta hayo hayo, mara tatu, mpaka mtumbwi ukang'aa kama jani lililonyeshewa. Kitu ukikipenda unakiziba, hivyo ndivyo alivyojua. Walipokuwa bado wapya katika ndoa, siku moja alimkuta mkewe ametoka kwenda sokoni na picha ya bata weupe iko mezani, imekauka, haina kinga yoyote. Akamwonea huruma. Akachukua brashi yake akaipaka mafuta ya tung, taratibu, bila kuruka hata pembe.

Yindi aliporudi, bata wote walikuwa na rangi ya chai.

Hakupiga kelele. Aliitazama picha, akamtazama mume, akauliza, "Mume wangu, hii inaelea?"

Kwa sauti ya mtu asiyeelewa kosa lake, Genfu alimjibu kwamba sasa hata ikidondokewa na maji haitaharibika.

"Haitaharibika, kweli. Imeshaharibika, itaharibika mara ngapi?" Kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Sikiliza, fundi. Mtumbwi unauziba. Picha unaiacha ipumue. Ukisahau hilo nitakupaka wewe mafuta."

Tangu hapo alipigwa marufuku kuisogelea meza ya rangi, akiwa na brashi au bila brashi, na hasa akiwa na kikombe cha chai, kwa sababu alikuwa na tabia ya kukitua popote mkono ulipochoka. Naye kwa miaka yote hiyo alikuwa na dai moja. Kila picha ilipokwisha alisimama nyuma ya mkewe akawahesabu watu waliomo, kisha akauliza kwa nini yeye hayumo. Yumo jirani, yumo mwenye bata, yumo hata katekista, mume hayumo.

"Nikikuweka utashikashika kila kitu," Yindi alikuwa akimjibu. "Utatua chai juu ya bata."

Katika ile picha ya mwisho alimweka. Aliichora akiwa ameegemea mito, ubao magotini, vipindi vifupi vifupi kati ya maumivu. Ni jiko la nyumba yao, lenye samaki ubavuni. Yindi mwenyewe ameketi kwenye kigoda anasukuma mabua motoni, ana aproni ya buluu na mashavu ya mtu mzima wa afya. Mlangoni, upande wa mwanga, amesimama Genfu na fulana yake nyeupe, kikombe mkononi, hajakitua. Yeye ndiye aliyechorwa mwisho kabisa. Fulana ile ilimsumbua mchoraji, akarudia nyeupe juu ya nyeupe mpaka ikasimama juu ya karatasi kama sukari iliyomwagika. Alipomaliza alisema, "Haya, umeingia. Usiguse." Padre alikuja na mafuta matakatifu wiki ile ile, na Monika akaondoka akiwa ameshikwa mkono. Bwana ampe pumziko.

Baada ya maziko Genfu alikula kwa kusimama siku nyingi. Kuketi mezani peke yake kulimshinda. Kisha akalifungua sanduku, akaitoa picha, akafanya jambo ambalo kila mtu wa huku hulifanya kwa kitu anachokipenda. Meza zetu za kulia zina kioo kizito juu yake, na chini ya kioo ndimo tunamoweka vya moyoni: picha ya arusi, picha ya komunyo ya kwanza, mtoto na cheti chake cha shule. Genfu alikiinua kioo, akaziondoa picha zote, akailaza ile moja, akakirudisha. Akaketi. Akala uji wake na mboga za chumvi mbele ya mkewe anayesukuma mabua, akanywa chai ya moto, na kwa mara ya kwanza chakula kikapita.

Alikula hivyo majira yote ya kuchipua. Chai ilitoa mvuke, bakuli la supu likatoa mvuke, na kioo kikawa kinapoa na kupata joto. Mvua zilipofika aliona mlangoni mwa picha, kwenye fulana, doa lenye giza, kama nguo iliyolowa ikishikana na ngozi. Akakiinua kioo kidogo kwenye pembe. Akasikia mlio mdogo, wa plasta inayobanduliwa kwenye nywele za mkono. Akakishusha.

Hapo ndipo alipofunga madirisha.

Aliacha kuchemsha chai. Aliacha kupika, akawa anakula wali wa baridi na chumvi, kwa sababu moshi na mvuke ni maji. Nguo zilizolowa alizivua kibarazani. Akaziba nyufa za fremu za madirisha kwa katani iliyobaki katika kisanduku chake cha kazi, akaigongomea kwa patasi, kazi safi ya fundi. Nje mvua ilinyesha bila hasira na bila kupumzika. Ndani hewa ikawa nzito, yenye harufu ya blanketi kuukuu. Kengele ya parokia ilipolia Jumapili aliisikia kwa mbali kama iko chini ya maji, akasali rozari mahali alipo, kiganja kimelazwa kando ya picha, na kila alipofika kwenye maneno ya saa ya kufa kwetu ulimi ulimganda, akaanza tena fumbo lile lile. Hakuweza kuitoa picha ile na hakuweza kuiacha. Akainuka mara chache tu, kama mtu aliyefungwa kamba kwenye mguu wa meza.

Peiying, binti yao, anayefanya kazi kwenye duka la dawa mjini, alipiga simu na hakupokelewa, akaja. Ilibidi ausukume mlango kwa bega. Alisimama kizingitini akaivuta ile hewa, akasema, "Baba, humu ndani kumekufa nini?" Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe.

Alikuja na nia moja, amchukue baba yake akakae naye ghorofani mpaka mvua ziishe. Alimweleza kwamba chumba kipo, kuna lifti, kanisa liko karibu. Genfu aliitikia kwa kichwa kila jambo, kisha akasema haendi.

"Kwa nini huendi?"

"Nikiondoka itaota."

Ndipo alipomwonyesha. Peiying aliinama juu ya kioo muda mrefu. Alikuwa hajaiona picha ile tangu msibani. Aliwaza haraka kama kawaida yake, akasema ataleta mashine ya kukaushia nywele, wapulize hewa ya moto pembeni. Baba yake alikataa; rangi ile ikikaushwa kwa joto la ghafla hupasuka, alimwona mkewe akiipoteza moja hivyo. Peiying akasema basi waibebe na kioo chake na meza yake. Genfu akamuuliza kama lifti ya huko kwao inapokea meza.

"Basi nimpigie mama mdogo Meijuan."

"Usimwite. Atanicheka."

"Bora akucheke," Peiying alisema, akatoka kibarazani kupiga simu.

Cao Meijuan hakuwa ndugu wa damu; alikuwa mchoraji mwenzake Yindi, walianza pamoja, wakagombana juu ya kila kitu kwa miaka mingi na hawakuachana hata wiki. Alifika amevaa mabuti ya mpira, amebeba ndoo ya mabonge ya chokaa iliyofunikwa vizuri. Alitua ndoo, akamwangalia Genfu kuanzia miguuni.

"Shem, unanuka."

"Najua."

"Vizuri. Nilidhani na pua umeiziba." Akaenda dirishani, akapitisha kucha kwenye katani, akatikisa kichwa. Kisha akaja mezani.

Hakucheka. Alizunguka meza yote, akapiga magoti akatazama kwa ubavu, jicho likiwa sawa na kioo. Pale penye fulana alibaki. Kisha akaonyesha kwa kidole, bila kugusa, pembe ya chini karibu na mabua. Palikuwa na kitu cha kijivu, chembamba, kama pumzi juu ya chuma baridi. Genfu alikuwa amekiona siku kadhaa nyuma na alikuwa akijiambia ni kivuli.

"Si kivuli," Meijuan alisema, ingawa hakuna aliyemwambia. "Ni mei. Imeingia."

"Lakini nimeziba kila mahali."

"Ndiyo. Umeijengea mtumbwi, shem. Umeziba kila ufa, maji yako ndani." Alisema polepole, si kwa kejeli. "Unapumua humu usiku na mchana. Unalia humu. Unafikiri hayo yanakwenda wapi?"

Genfu aliitazama mikono yake.

Meijuan aliwaeleza yote bila kupamba. Kuvu hiyo inakula gundi, na gundi ndiyo inayoishika rangi. Wakiacha kama ilivyo, itatembea chini ya kioo mpaka imfikie Yindi, na wao watakaa wanaitazama. Wakikiinua kioo leo, rangi ikiwa laini, kitang'oka kila kilichoshikana. Njia pekee ni kukausha taratibu, wangoje mvua ziishe, halafu wakiinue siku ile watu wanapoanika vitu juani. Hapo ile iliyogusana kidogo huenda ikaachia. Iliyoshikana sana itabaki kwenye kioo.

"Ipi iliyoshikana sana?" Peiying aliuliza.

"Mwanangu, kwani huoni? Baba yako."

Genfu alitoa katani mwenyewe. Alizungukia dirisha moja baada ya jingine na ile patasi, akavuta nyuzi ndefu za rangi ya kahawia, na upepo wenye unyevu ukaingia, lakini ulikuwa unatembea. Waliweka mabakuli ya chokaa chini ya meza na pembeni mwa kioo. Jikoni, mbali na meza, Peiying aliwasha moto wa mabua katika lile jiko lenye samaki, na baba yake akala chakula cha moto amekaa kwenye kigoda, amegeuzia meza mgongo, kwa sababu Meijuan alimwamuru. Peiying alirudi kazini. Meijuan akawa anapita kila asubuhi kubadilisha chokaa iliyolainika na kumtukana shemeji yake kidogo.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kuziba. Alipoziba alikuwa na kazi. Sasa alikuwa na madirisha wazi na haruhusiwi kukaribia. Bado hakwenda popote. Alikaa kwenye kigoda akisikiliza mvua, na kile kijivu hakikurudi nyuma, ila hakikusonga mbele. Alipotaka kusali hakujua aombe nini. Kuomba fulana iachie kulikuwa kujiombea mwenyewe, na kuomba kingine chochote kulikuwa kumsaliti yule aliyeirudia nyeupe ile akiwa na maumivu. Mwishowe akawa anataja tu jina la ubatizo la mkewe, basi.

Mvua zikaisha kama zinavyoisha, bila kuaga. Asubuhi moja jua lilikuwa kali, na kijiji kizima kikatoa mei nje: magodoro juu ya ua, makoti ya baridi kwenye kamba, viatu vimepangwa kwenye kingo za mfereji kama vinangoja kuvuka. Peiying alikuja na basi la kwanza. Meijuan alisema nguo zianikwe juani na picha kivulini, akafunga pazia la upande wa jua.

Walisimama watatu. Genfu aliomba kukiinua yeye, na Meijuan akakubali, kwa sababu hakuna aliyejua kuinua kitu kizito bila kukitikisa kama fundi yule. Alifanya ishara ya msalaba. Akakinyanyua upande mmoja, unene wa kucha, akasubiri. Akakinyanyua tena. Rangi ya sakafu iliachia. Mabua yaliachia. Aproni ya buluu ilishika kwa pumzi moja, kisha ikaachia, na Peiying alimshika mama yake mdogo kwenye kiwiko. Kisha ukasikika ule mlio wa plasta, na Genfu hakusimama tena, alijua kwamba akisimama hapo itapasuka vipande. Akakiinua kioo chote, akakisimamisha ukutani.

Yindi alikuwa mzima kwenye karatasi, anasukuma mabua. Samaki wawili walikuwa wazima. Mlangoni palikuwa na pengo jeupe la karatasi tupu, lenye umbo la mtu aliyeshika kikombe. Mtu mwenyewe alikuwa kwenye kioo.

Kisha Meijuan akakohoa. "Yindi aliwahi kuniambia, shem, ukiingia picha hii hutakaa."

Peiying alilia. Alipoweza kusema alimwomba mama yake mdogo aijaze nafasi ile. Rangi zipo, sura ya baba anaijua, nani atagundua. Meijuan alimtazama Genfu.

"Hapana," Genfu alisema. "Yule wa kwenye kioo ndiye aliyechorwa na Yindi."

Meijuan alisafisha kile kijivu cha pembeni kwa brashi laini kavu, akaiacha karatasi kivulini ikipigwa na hewa mpaka alasiri. Wakati huo Genfu alikwenda kwenye banda lake, akarudi na vipande vyembamba vya mbao ya mtumbwi, vilivyokatwa sawasawa. Hakuvipaka mafuta. Alivipanga kuizunguka picha, akaenda kwenye gunia, akarudi na punje moja ya mchele. Wakakibeba kioo pamoja, uso ule ule chini, akakielekeza kwa jicho kama anavyopanga mbao mbili za ubavu, akakishusha.

Fulana ilirudi mlangoni pake. Ilikaa juu ya lile pengo, haikuligusa. Ukiinama karibu uliona kivuli chake chembamba kimeangukia karatasi, upande wa jiko.

Genfu aliisukuma punje chini ya ukingo wa kioo. Ilipita.

Peiying alisema ataleta fundi wa vioo akikate kioo kwa kipimo, ipate fremu, itundikwe mbali na jua. Kisha, akikunja pazia, akauliza tena juu ya kile chumba cha ghorofani. Baba yake alikuwa ameinama juu ya picha. Alisema sasa fremu ikipatikana inaweza kusafiri, hilo ni kweli. Akasema pia kwamba mwakani mei itarudi, na humu ndani lazima awepo mtu wa kufungua madirisha.

Jumapili alikwenda misani. Aliketi benchi la nyuma, na padre alipotaja majina ya marehemu alilisikia la Monika likisomwa katikati ya majina mengine. Walipotoka hakukaa kuongea na watu. Alirudi moja kwa moja, akauacha mlango wazi nyuma yake, akajichemshia chai. Aliileta mpaka mezani, akasimama nayo vile vile anavyosimama yule wa kwenye kioo, kikombe mkononi, akainywa yote bila kukitua.